Maoni ya Umma, kwa Imla Yangu

Jumatatu, 4 Agosti 2025. Macquarie Fields.
Baridi kali ya huku ughaibuni. Binti yangu Chebet amezima kipasha joto akaenda kazini hospitali. Naandika nikiwa na koti.

Lakini fursa imejitokeza! Kampuni ya Zivara, inayogawa zamu za kutunza wazee kwa njia ya simu, ilishtakiwa kwa kuwazuia watunzaji wasifanye kazi kwingine. Sasa imepatana na tume ya ushindani wa kibiashara. Itawaachia watunzaji, ila sifa walizoandikiwa na wateja itabaki nazo. Umma umealikwa kutoa maoni hadi Ijumaa ya wiki ijayo.

Umma ni sisi. Mwezi ujao kanisa letu litachagua mwenyekiti wa wazee. Anayeuongoza umma leo atakalia kiti kesho. Kubwimana, yule Mrundi wa kwaya, asijue.

Jumatano, 6 Agosti.
Kubwimana anajua. Alisimama kwenye maegesho ya kanisa akawaambia watu kila mmoja aseme lake, kama anavyolia msibani, kwani hakuna anayeazima kilio cha jirani. Wakaitikia amina. Kwa hoja kama hiyo! Nilimwambia kwamba umma usio na mpangilio ni soko. Akacheka, akajibu kwamba sokoni ndiko watu wanakopata chakula, Mwalimu. Neno “Mwalimu” alilivuta mno.

Alhamisi, 7 Agosti.
Emerance amenijia na maoni yake ili niyatazame. Alikulia kambini Tanzania; hapa ametunza wazee wa Zivara kwa miaka saba. Walimfungia akaunti kwa sababu alichukua zamu moja ya kampuni nyingine. Sifa zake zote zimebaki huko, kwa hiyo kila anakoomba kazi anaonekana mgeni wa kazi. Sasa anabeba maboksi ghalani Wetherill Park, na mgongo unamkataa. Sifa zikirudishwa, naye atarudi kwa wazee wake. Hana tumaini jingine.

Ameandika kuhusu mzee aliyekuwa akimwogesha. Mzee yule alisahau majina ya wanawe wote, lakini la Emerance hakulisahau. Alipofariki, bintiye aliandika shukrani ndefu. Shukrani hizo ziko Zivara. Emerance hawezi hata kuzisoma.

Nilisoma mara mbili. Nikapangusa miwani. Kisha nikamweleza kwamba tume haitaki habari za bafuni. Akasema sawa, baba.

Jumapili, 10 Agosti.
Imla! Ukumbi ulijaa. Niligawa kalamu za bluu, nikasoma polepole aya tatu za Kiingereza safi nilizozitunga mwenyewe. Cheruiyot alichungulia kwa jirani yake. Nikamhamisha. Kinuthia, mwanafunzi wa chuo kikuu kule Kensington, akauliza kuna ubaya gani kuchungulia ikiwa wote tunaandika kitu kimoja. Nikamsimamisha hadi mwisho.

Emerance aliketi mbele. Mwandiko wake ni mzuri sana. Karatasi yake ya awali nimeikunja nikaiweka mfukoni mwangu, isije ikamchanganya.

Ijumaa, 15 Agosti.
Tumetuma. Maoni yetu yalikuwa yamenyooka kama gwaride. Kubwimana naye alikusanya ya watu wake. Nililiona moja lenye doa la chai, linalolalamikia zamu za usiku na mama mkwe kwa pamoja. Aibu kwa Afrika nzima.

Jumatano, 17 Septemba.
Tume imetoa uamuzi. Maoni yetu yote yamehesabiwa kuwa moja, kwa kuwa yanafanana neno kwa neno. Moja! Ukumbi mzima!

Lenye doa la chai limenukuliwa. Zivara sasa hairuhusiwi kumwadhibu mtunzaji anayekataa zamu ya usiku. Kuhusu sifa, tume inasema hakuna mtunzaji hata mmoja aliyeeleza hasara iliyompata yeye mwenyewe. Kifungu kimebaki kama kilivyokuwa. Mlango umefungwa.

Chebet alinisemesha kwa Kiingereza, jambo afanyalo akikasirika tu. Alisema yule mama alikuwa na mdomo wake, nami nikauziba kwa mdomo wangu.

Jioni Emerance alikuja. Hakupiga kelele. Aliuliza kama bado ninayo karatasi yake. Nilikuwa nayo, nimeisahihisha kwa wino mwekundu. Aliitazama, akasema asante baba, akaondoka ameshika kiuno ili awahi basi la ghalani.

Nilikutana na Kubwimana dukani. Hakucheka. Heri angecheka.

Jumapili, 21 Septemba.
Wamemchagua Kubwimana. Kwa kupiga makofi! Hata kura za siri hazikupigwa.

Nimetafakari kwa makini, nami nimeligundua kosa. Imla haikuwa na dosari. Kosa ni kalamu. Zote zilikuwa za bluu, na tume yoyote ingeshuku.

Fursa nyingine imejitokeza! Wanataka kuondoa basi la usiku la kwenda Wetherill Park, na umma umealikwa kutoa maoni. Nimeshaandaa aya tatu. Nimenunua kalamu za kila rangi. Nimeomba ukumbi kwa mwenyekiti mpya, amesema atafikiri.

Emerance ndiye anayelipanda basi hilo kila siku, lakini hawezi kuja. Yuko kazini. Si neno. Maoni yake nimeshamwandikia.

Kwa kijani.