Kilo Sita Kabla ya Ijumaa

Jumatatu, 3 Juni

Balaa! Kamanda wetu wa zimamoto ametangaza kwamba Ijumaa ya wiki ijayo kila mtu atapimwa uzito. Atakayezidi kilo tisini hapandi ngazi tena; atakaa mezani kupokea simu za dharura. Nimepanda ngazi miaka kumi na tisa. Nina kilo tisini na sita. Dereva wa gari letu, mtu anayekula kama mashine ya kusaga na bado suruali inamvuka, ameshaniletea mto wa kukalia kwenye kiti cha simu. Mshenzi.

Sasa hili ndilo linaloniuma. Tuna askari mpya, binti wa miaka ishirini na minne, kilo sitini na moja. Hali nyama. Wala kuku, wala samaki. Dereva amembandika jina la Majani. Leo mchana nimeitazama sahani yake: maharage, mchicha, kabichi, karoti, boga. Mlima mtupu! Yangu ilikuwa na adabu zake: vipande vitatu vya nyama ya kukaanga na viazi vya kukaanga, basi. Halafu nani mnene? Kuna mchezo hapa. Huyu anakula nyama kwa siri.

Jumanne, 4 Juni

Nimefungua begi lake alipokuwa nje anaosha gari. Kutafuta ukweli tu. Dengu kwenye bakuli. Chungwa. Kikopo cha karanga, kidogo kama kiberiti. Nyama, hata harufu hakuna. Nilikuwa nimezamisha kichwa mpaka mabegani aliposimama nyuma yangu na kuniuliza, kwa upole kabisa, kama nina njaa. Heri angenitukana! Nikasema natafuta bisibisi. Akanipa lile chungwa. Nimelila kwa aibu. Tamu sana.

Alhamisi, 6 Juni

Nimemeza kiburi nikamwomba anifundishe. Akanipeleka jiko la kituo, akatoa mizani ndogo ya unga. Akaweka kabichi zima, kilo moja. Pembeni akamimina vijiko viwili vikubwa vya mafuta ya kupikia. Akaniuliza kipi kina kalori nyingi. Nikacheka. Akasema karibu ni sawasawa. Nikaacha kucheka.

Akasema sahani haipimwi kwa macho. Asiyekula nyama anashiba kwa maharage, dengu, kunde na mboga tele, lakini karanga anazihesabu, kwa sababu kiganja kimoja cha karanga kinaizidi nusu kilo ya kabichi. Yote yamo kichwani mwake! Anazijua kalori kama mimi ninavyowajua wanangu. Na wala hajivuni. Huyu binti ni hazina.

Nimeelewa kila kitu. Mimea inakondesha. Kuanzia kesho sigusi nyama.

Jumamosi, 8 Juni

Siku ya pili bila nyama na wala siteseki. Asubuhi donati sita. Ngano ni mmea. Zimekaangwa kwa mafuta ya alizeti, na alizeti ni ua kabisa! Mchana viazi vya kukaanga na maparachichi matatu. Jioni korosho nusu kilo, huku nikijipongeza. Mke wangu ameuliza kama huu ni mlo wa kupungua au wa kuaga dunia. Watu wa nyumbani hawajui kutia moyo.

Mizani ya duka la dawa: tisini na saba na nusu. Imezeeka ile.

Jumatatu, 10 Juni

Moto saa nne asubuhi. Duka la magodoro, chini kabisa ya jengo. Moshi umepanda mpaka ghorofa ya tatu, na huko dirishani kuna bibi mmoja mshonaji, amekumbatia kichwa cha cherehani yake. Tukapanda, Majani mbele, mimi nyuma. Bibi akagoma.

“Bila cherehani siendi popote!”

Majani hakubishana. “Sawa, bibi. Wewe unapanda mgongoni kwangu, cherehani anaibeba huyu mzee. Tumeelewana?”

Akanipitishia cherehani, akanipisha nitangulie kushuka. Kidato cha tano cha ngazi, pumzi ikaniisha. Cha nane, nikaing'ang'ania ngazi. Nikaganda! Wao wako juu yangu, moshi unatuzunguka, njia nimeiziba mimi. Niliogopa, shajara yangu. Si utani. Niliwaona wanangu mbele ya macho. Bibi akapiga kelele kwamba nikiiangusha cherehani nitawashonea wateja wake wote kwa mkono.

Kisha nikasikia sauti ya Majani, tulivu, kama mtu anayeuliza saa. “Mzee wangu, usiangalie chini. Mguu mmoja. Haya, na mwingine.” Mtu mzima mgongoni, na pumzi ya kuniongoza mimi anayo! Hivyo hivyo mpaka ardhini.

Kwa Kamanda akaripoti kwamba cherehani imeokolewa na mimi. Hakuongeza neno. Watu kama huyu wanapatikana wapi?

Jumatano, 12 Juni

Nimemweleza Majani habari za korosho na donati. Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Tangu jana nakula anachokula yeye: maharage ya kuchemsha, kabichi, boga, kijiko kimoja cha mafuta kwa sufuria nzima. Nashiba! Nilidhani nitalala njaa, kumbe nalegeza mkanda. Tisini na tano leo. Anasema nikienda hivi hivi, miezi miwili nitakuwa nimefika.

Miezi miwili! Kupimwa ni keshokutwa!

Nyuma ya mizani ya kituo kuna skrubu. Ndogo tu. Nimeitazama. Nayo kama imenitazama.

Ijumaa, 14 Juni

Niliikaza. Kumbe ilikuwa ya kulegezwa.

Dereva: tisini na tatu. Akapauka. Kamanda: tisini na nne. Kwa amri yake mwenyewe, mezani kwenye simu. Mimi: mia na moja. Kituo kizima tukabaki na mtu mmoja wa kupanda ngazi, Majani, na yeye mizani inasema sitini na saba. Akaiangalia namba. Akaniangalia mimi. Akaenda jikoni, akarudi na mfuko wa maharage wa kilo tano, haujafunguliwa, akauweka juu ya mizani.

Kumi na moja.

Nilikiri kabla hajafumbua mdomo. Kuidanganya mizani ninaweza. Kumdanganya yule, hapana.

Kamanda alitaka nifukuzwe leo leo. Majani ndiye aliyemwomba nibaki, akasema mtu aliyeshuka na cherehani kwenye moshi bado ana kazi ya kufanya. Hukumu: simu mpaka nishuke tisini, na kila siku nipike chakula cha mchana cha kituo, kisicho na nyama, Majani akisimamia. Dereva amelalamika kuliko mimi. Nikaanza kumshukuru Majani. Akasema nianze na kumenya boga.

Jumapili, 16 Juni

Siku nzima nimeshinda nikitafakari makosa yangu. Hila basi. Kuanzia sasa ni kipimo na nidhamu, kama Majani.

Na katika nidhamu hiyo nimegundua jambo kubwa. Sokoni nimeshika zabibu mbichi: nzito. Nikashika zabibu kavu: nyepesi! Si nyama. Hazina mafuta. Zimeanikwa juani mpaka uzito wote umetoka. Jua limeshazikondesha kabla hazijanifikia! Nimenunua kilo mbili. Nusu kilo nimeila nikiandika ukurasa huu na sisikii chochote. Zitakazobaki nitampelekea Majani kesho. Na yeye ajifunze kitu.