Habari za Semeni Aliyetega Dema Nchi Kavu

Tulieni, enyi watu wa Tanga, nanyi mliokuja kutoka Muheza na Pangani kwa ajili ya arusi na basi la kurudi likawaacha. Tulieni, na mwenye sufuria jikoni aipunguzie moto, na mwenye mtoto mgongoni amshushe apate kusikia vizuri. Zinakuja habari za vita vilivyopiganwa siku tatu mchana kweupe katika mtaa wa Mabawa, nyuma ya nyumba yenye bati jekundu, baina ya banda la kuku na jiwe la kufulia. Na zinakuja habari za aliyevipigana, Semeni binti Salehe, mpole wa nyayo, mwenye macho ya kuinama, ambaye akitumwa dukani hunyooshea kidole anachokitaka ili asiulizwe jambo la pili. Tunamwomba Mola aliyeumba kuku, akaumba na wanaomla kuku, atunyooshee ulimi tusizidishe wala tusipunguze.

Katika nyumba ile alitawala Bi Hafsa, mjane, mwenye nyumba, mshika funguo kumi na moja, ambaye neno lake likishatoka halikupata kurudi. Miaka arobaini alikuwa amekosea mara moja tu, katika kuchagua rangi ya ukuta wa mbele, na ukuta huo aliusifu kwa nguvu hata majirani wawili nao wakapaka vilevile. Chumba cha uani alikipangisha kwa Haroub, mvuvi aliyeiacha bahari kwa ajili ya mgongo, aliyekaa na mpwa wake Semeni. Na pamoja nao alikaa paka dume wa rangi ya majivu, aliyeitwa Bwana Afya kwa sababu hakuna chungu alichokipita bila kukikagua.

Paka huyo alikuwa na daraja ambayo hakuna mwanadamu aliyeifikia. Mbele yake Semeni alikuwa msemaji. Alimsimulia bei za nyanya na maneno ya watu kisimani, alimwuliza na akajijibu, na alicheka kwa sauti. Asiyekuwa Bwana Afya hakupata kuisikia sauti hiyo, hata mjomba, ila kwa mbali, kupitia mlango uliorudishwa.

Basi ikawa Nasima, dada yake Bi Hafsa aliyeolewa Pemba, akampelekea dada yake mayai kumi na mawili ya kuchi, kuku wale warefu wa shingo, wakali wa macho. Yakafukiwa ndani ya pumba za mpunga, yakavuka bahari bila hata moja kupata ufa, na yakawekwa chini ya koo mwekundu aliyekuwa anatafuta cha kutamia. Siku ya Jumatatu yalihesabiwa kumi. Jumanne manane. Na Jumatano asubuhi Bwana Afya akaonekana akitoka upande wa banda, akijilamba. Kujilamba kwa paka si ushahidi, maana paka hujilamba hata akiwa na njaa. Lakini Bi Hafsa hakuhitaji ushahidi. Alihitaji mtu wa kumwambia.

"Haroub!" akanguruma, naye amesimama katikati ya ua, mkono mmoja kiunoni na wa pili ukielekea mbinguni. "Toka usikie, na huyo mwari wako atoke asikie! Mayai yamevuka bahari, yamepita mawimbi, yamepita maofisa wa bandari, yamefika kwangu salama, yanakuja kuliwa na paka wa mpangaji! Paka asiyelipa kodi! Nimesema!"

Mjomba Haroub akatoka ameshika mgongo. "Bi Hafsa, shikamoo. Moto usiuwashie nyumba nzima. Umemwona akila?"

"Nimemwona akishiba."

Hukumu ikatoka palepale. Na hapa ni lazima tueleze sheria ya watu wa ua ule. Paka hauawi, damu yake nzito, na hapana aliye tayari kuibeba mpaka Kiyama. Paka aliyeharibika hutiwa kirobani, kichwa kikiachwa nje apate hewa, akapakiwa kwenye pikipiki na kupelekwa Horohoro mpakani, akafunguliwa hali uso ameelekezwa Mombasa, ili asiijue njia ya kurudi. Inasemekana wenzetu wa upande wa pili nao huwaleta wao, na kwa hiyo paka wa mpakani hawapungui.

"Ijumaa baada ya sala," akasema Bi Hafsa, "Rahimu atakuja na pikipiki yake. Mpaka hapo, kama ana wosia, aseme."

Semeni aliingia chumbani, akakaa kitandani, akamweka Bwana Afya mapajani, na kwa mara ya kwanza hakumsimulia kitu hata paka wake.

Lakini usidhani aliyenyamaza amekubali. Saa sita ya mchana huo, jua likiwa utosini na wenye nyumba wamejifungia ndani kukimbia joto, Semeni alichunga jivu la mkaa kwa chekeche la unga, akalitandaza kuzunguka banda kama mtu anayeandaa uwanja wa kupokea wafalme. Kisha akamfungia paka chumbani, akakaa naye. Koo akashuka kula na kujigaragaza vumbini, kama kawaida yake kila adhuhuri. Na Semeni alipotoka, mayai yalikuwa saba, na jivu lilikuwa limeandikwa.

Alimvuta mjomba wake kwa mkono wa kanzu, akamwonyesha kwa kidole.

Mjomba Haroub alichuchumaa kwa awamu tatu kwa sababu ya mgongo. "Subhanallah," akasema. "Vidole vitano, na kila kidole na kucha yake. Huyu si paka. Paka akitembea kucha huzificha, kama mgeni mwenye adabu anavyovua viatu mlangoni. Umeona na maganda?"

Semeni akaelekeza kidole kwenye jiwe la kufulia. Chini yake yalilala maganda yaliyopasuka, na ute umekauka juu ya jiwe kwa michirizi.

"Ni nguchiro, mwanangu. Yai humteleza mdomoni. Basi hulidaka kwa mikono, akalipa mgongo jiwe, akalirusha nyuma baina ya miguu yake, pwaa! Nimemwona kwa macho yangu, wakati wa ujana, kule mkongeni."

Mjomba akampelekea Bi Hafsa habari hizo kwa heshima zote. Bi Hafsa alizisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo lilimtia mjomba matumaini bure.

"Nguchiro! Mabawa! Kesho utaniambia na chui anatafuta chumba cha kupanga. Haroub, jivu halina ulimi. Niletee nguchiro mwenyewe, nimtazame usoni, ndipo nitajua kama yuko. Usipomleta, Ijumaa iko palepale."

Basi silaha ikashushwa ukutani. Lilikuwa dema la mwisho la Mjomba Haroub, mtego wa samaki uliosukwa kwa fito na mianzi, tumbo pana kama la kadhi, na mdomo wake mfano wa faneli: mpana kwa anayeingia, mwembamba wenye ncha kali kwa anayetaka kutoka. Dema hilo liliwahi kutia mbaroni changu, tasi, na safari moja mkunga, yule samaki mfano wa nyoka, mwenye hasira. Nchi kavu halikupata kutegwa tangu kusukwa kwake.

Hapo ndipo likaingia kosa, nalo lilikuwa kosa la kibaharia. "Dema bila chambo cha bahari ni kikapu," akasema mjomba, na akatia dagaa viganja viwili. Semeni alifungua kinywa kumwambia. Kisha akakifunga, kwa kuwa anayesema alikuwa mkubwa wake na amevua miaka thelathini.

Alhamisi, adhuhuri, dema likatikisika kwa kishindo. Milango ikafunguka. Bi Hafsa akatoka na kanga moja, mjomba akatoka bila kofia. Ndani ya dema, ametulia, amekunja mkia, alikuwa Bwana Afya, amekwisha kumaliza dagaa wote na anakagua fito kama zinaliwa.

"Takbir!" akasema Bi Hafsa. "Mwizi amejihukumu mwenyewe, akaingia jela kwa miguu yake! Haroub, umeniletea nguchiro. Mbona anafanana na paka wako?"

Mjomba Haroub aliyetukuka baharini akaanza kuzihesabu fito za dema lake. Semeni ndiye aliyekwenda, bila kuinua macho, akachukua yai moja la dukani, akalipenyeza ndani ya dema na kulisukuma mpaka puani pa paka. Bwana Afya alilinusa. Akalisogeza kwa mkono. Likaviringika, likarudi, akaliegemea, akalala.

"Ameshiba," akasema Bi Hafsa, na akarudi ndani.

Ijumaa ikapambazuka kama siku nyingine, kwa kuwa jua halina habari. Bi Hafsa alimtia Bwana Afya kirobani kwa mikono yake, akakifunga kwa kamba ya katani, akaweka kiti mlangoni pa ua, na akakikalia na kiroba kiko baina ya miguu yake, asije akatoroshwa. Mjomba Haroub akavaa kanzu, akamtazama mpwa wake kwa huruma, akaenda msikitini. Rahimu mwenye pikipiki naye alikuwa safu ya nyuma huko huko, amejaza mafuta.

Semeni alibaki peke yake na kichwa chenye hesabu kamili. Hakutia dagaa. Alitia yai. Mlango wa banda akauziba kwa kipande cha bati ili asiyealikwa asifike kiotani, na dema akaliegesha mbele yake, mdomo ukitazama upenyo wa ukuta. Kisha akajificha nyuma ya shuka alizozianika, beseni la kufulia mkononi kama ngao, akasubiri. Imamu alikuwa amepanda mimbari. Sauti yake ilifika mpaka uani. Bi Hafsa mlangoni alianza kusinzia, kidevu kikishuka na kupanda, lakini miguu haikulegea.

Hotuba ikaisha, sala ikasaliwa, na mwizi akaja. Alitokea upenyoni, mrefu na mwembamba, manyoya ya hudhurungi yakimeta juani, mkia umemalizikia ncha nyeusi kama uliochovywa winoni. Alisimama kwa miguu miwili, akautazama ua kama mnunuzi wa nyumba. Alizunguka dema mara moja. Alizunguka mara ya pili. Semeni alihisi moyo wake unagonga beseni.

Nguchiro akaingia.

Akalikamata yai kwa mikono miwili, akageuza mgongo, akalirusha. Likagonga fito, fito zikainama, yai likamrudia zima. Akarusha tena, likarudi. Mnyama yule aliyevunja mayai matano ya kuchi, mshindi wa jiwe la kufulia, alikuwa amekutana na ukuta usiovunja, na kwa hasira akasahau kwamba kuna dunia nje. Ndipo Semeni akazipasua shuka, akavuka ua kwa hatua nne, akauziba mdomo wa dema kwa beseni na kulilalia kwa kifua chote. Ndani kukawa kelele na meno na harufu ambayo hatutaieleza. Fito zikalia. Semeni hakuachia.

Na saa hiyohiyo, mlangoni, pikipiki ikapiga honi.

"Bi Hafsa, shikamoo!" Sauti ya Rahimu. "Mzigo uko tayari? Nina abiria wa Pongwe anangoja."

Bi Hafsa akagutuka, akainuka, akakinyanyua kiroba. Semeni akaona kichwa cha Bwana Afya kikipanda, masikio yamelala. Kwenda asingeweza, kwa kuwa akiliacha beseni mwizi amekwenda. Kunyoosha kidole asingeweza, kwa kuwa mikono yote ilikuwa vitani, na Bi Hafsa alikuwa amempa mgongo. Kilibaki kitu kimoja tu ambacho hakukipeleka vitani hata siku moja.

"Shikamoo, bibi!" akapiga ukelele, na ukelele huo uliwafikia waliokuwa wakitafuta viatu vyao nje ya msikiti. "Mrudishe paka wangu chini! Mwizi wako ninaye, huku, njoo umtazame usoni!"

"Marahaba," akajibu Bi Hafsa, maana salamu haiachwi. Kisha akageuka.

Alikuja na kiroba begani. Rahimu akamfuata na kofia yake ngumu kichwani. Mjomba Haroub akaingia mbio, mbio za mtu mwenye mgongo, na nyuma yake nusu ya mtaa. Bi Hafsa akainama, akachungulia baina ya fito. Nguchiro akamtazama usoni, kama alivyoomba, yai mikononi.

Wote walingoja. Bi Hafsa alimtazama mnyama, akamtazama paka aliyekuwa kirobani tangu asubuhi, akamtazama msichana ambaye kifua kilikuwa kinapanda na kushuka juu ya beseni na macho, kwa mara ya kwanza, hayakuinama.

"Nilikosea," akasema.

Inasemekana upepo ulisimama. Mjomba Haroub alikaa chini bila awamu yoyote. Bi Hafsa akafungua kamba kwa meno, Bwana Afya akatoka, akajinyoosha, akaelekea jikoni kukagua.

"Sasa mimi nampeleka nani?" akauliza Rahimu.

"Huyu," akasema Semeni, kwa sauti ileile, kana kwamba hakuwa na nyingine. "Mpeleke mkongeni, ukamfungue mbali na nyumba za watu. Na usitie mkono ndani, kaka, anang'ata."

Rahimu akasema, "Sawa, dada," na dema likafungwa kwenye pikipiki pamoja na beseni lake.

Hayo ndiyo yaliyotokea, nayo yamo vinywani mwa watu wa Mabawa mpaka leo, ambao huhesabu mambo kwa kusema lilikuwa kabla ya ile Ijumaa, au baada yake. Wiki mbili zikapita, na mayai saba yakaanguliwa vifaranga sita, warefu wa shingo, wakali wa macho. La saba likatoka viza. Bi Hafsa alilishika, akalitikisa sikioni, akautazama ua wote kulia na kushoto, na hakumtaja mnyama yeyote.