Mpendwa Bila Vitunguu

Jumatatu, 2 Juni

Madamu Nagarathna, bosi wetu, anatafuta mkuu wa timu. Atamtangaza Ijumaa. Tuko wawili: mimi na Sowmya. Mama mkwe wangu kule Mysuru nimeshamwambia cheo nimekipata. Kagawa ladu, zile tamutamu za sherehe, mtaa mzima! Sina pa kurudi.

Mtihani wenyewe: programu ya kuwaandikia barua pepe za pongezi wateja waliokodi kumbi zetu za harusi. Sowmya anataka API: programu iulize programu nyingine, kila jibu lije na lebo yake, hili jina, hili tarehe. Kazi ya siku nne! Mimi natumia kidirisha cheusi cha amri. Naandika amri moja, orodha inatokea, programu yangu inachukua safu ya tatu kutoka kushoto, yaliko majina. Dakika arobaini. Nikaenda kunywa kahawa.

Jumanne, 3 Juni

Sowmya kachungulia kompyuta yangu, akacheka. "Kaka Basavaraj, orodha hiyo ni ya macho ya watu. Siku safu zikihama utalia." Wivu tu!

Jumatano, 4 Juni

Madamu kamsifu Sowmya kwa utulivu. Utulivu! Nimehangaika asubuhi nzima nikitafuta la kumzidi. Nikalipata. Madamu hulalamika kwamba orodha haionyeshi chakula cha harusi. Basi nikaongeza safu ya chakula, na nyama au bila, kwa mkono wangu mwenyewe. Nimeiweka ya tatu, ionekane vizuri. Kanipigia makofi mbele ya wote. Raha iliyoje!

Alhamisi, 5 Juni

Nimetuma barua mia nne na kumi na mbili, Sowmya bado anajaribu yake. Saa nne simu zikaanza.

"Mpendwa Bila Vitunguu, hongera kwa kupata mchumba."

Mpendwa Na Nyama. Mpendwa Bila Nyama, na huyo ni bibi harusi mwembamba, analia, anadhani wakwe wamemsema. Baba yake kanipigia: "We kijana, una akili timamu kweli?" Nikajificha kwenye ngazi. Nimeona aibu, sikatai.

Ijumaa, 6 Juni

Sowmya ndiye mkuu. Nikampongeza, meno nje, moyo unaungua. Mama mkwe kapiga simu mara tatu. Nikamwambia mtandao mbaya.

Agizo la kwanza la mkuu mpya: niachane na kidirisha, niandike upya kwa API. Kanipa wiki nzima. "Na safari hii taratibu, kaka," akasema. Ati taratibu!

Jumamosi, 7 Juni

Nimemaliza! Saa moja tu. Kwa nje ni API safi, lebo zote zipo, hata Sowmya akiitazama ataridhika. Kwa ndani bado inaandika ile amri yangu ya zamani kwenye kidirisha. Majina sasa inayachukua safu ya nne. Nani atajua?

Nimebaki na muda mwingi wa kumfurahisha Madamu. Jana alinung'unika kwamba orodha haisemi wageni ni wangapi. Jumatatu naongeza safu ya wageni. Nitaiweka mwanzoni kabisa.