Ombi la Kuvuliwa Udaktari wa Makala

Limi Ngusa,
Rwamgasa, Geita.

Kwa Mhariri Mkuu,
Jarida la Kimataifa la Fani Zote,
Mtandaoni (sijaona mahali pengine mlipo).

Ndugu Mhariri Mkuu,

Shikamoo. Kama una umri mdogo kuliko wangu, naomba uirudishe tu.

Mimi ni binti niliyemaliza kidato cha nne mwaka jana. Naandika kwa heshima kuomba mnivue udaktari mlionipa, tena kabla ya Jumatatu. Jumatatu natakiwa kuripoti chuoni Shinyanga kusomea cheti cha ukutubi, na Baba amenikataza kwenda. Anasema daktari hasomei cheti.

Nilichagua ukutubi kwa sababu naona haya kuongea, na maktaba ndiyo ofisi pekee niijuayo ambapo mtu akinyamaza anasifiwa. Lakini nilipokwenda kukiona chuo, nilikuta rafu zimeondolewa na mahali pake pamewekwa kompyuta. Mkutubi, dada mmoja aitwaye Hosiana, aliniambia kwamba vitabu na majarida yote sasa yako mtandaoni. Swali lilinijia, nikaona haya kumuuliza. Niliporudi nyumbani nikalituma kwenu, kwa kuwa tovuti yenu ina sehemu iliyoandikwa “Tuandikie”. Niliuliza: “Je, maktaba ikihamia kwenye simu, mkutubi ataketi wapi?”

Hilo lilikuwa swali, Ndugu Mhariri. Nilitaka jibu. Kabla chai yangu haijapoa mkaniandikia: “Mheshimiwa sana Dkt. Limi, makala yako imepitiwa na mabingwa na imekubaliwa.” Mashine yenu inayojiandikia yenyewe ikaongeza ikisiri, hitimisho, na marejeo ya vitabu ambavyo sijavisoma na nadhani havijaandikwa.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Baba alipeleka barua yenu kwa Rushabh mwenye duka la steshenari, akaichapisha kwa rangi na kuifunika plastiki ngumu. Sasa inaning'inia kwenye karasha la Baba, ile mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, na kila anayeleta mawe anaisoma. Mzee Chacha, ambaye ana umri wa babu yangu, aliniamkia: “Shikamoo, daktari!” Kuitikia marahaba ni aibu, na kunyamaza ni utovu wa adabu. Nikajificha nyuma ya viroba vya mawe mpaka alipoondoka. Kesho yake akarudi na wenzake, wote wanakohoa. Mmoja wao, Mama Mageni, akanishika mkono: “Ng'wanawane, mwanangu, usinifiche. Nipime tu hapa hapa.” Nikamweleza kwamba mimi ni daktari wa makala. Akauliza, “Makala iko upande gani wa tumbo?” Mwenzake akadakia kwamba ya kwake inamsumbua akiinama.

2. Mlinitumia makala ya profesa ili niihakiki. Sijazoea kumkatalia mtu mzima, kwa hiyo niliisoma yote, nikaandika ukweli: “Naomba radhi, sijaelewa.” Mkaikataa makala yake, mkamwambia kwamba bingwa wa fani hajaelewa. Profesa ameiandika upya kwa unyenyekevu mkubwa. Bado sijaelewa. Sasa mtamfanya nini?

3. Mlinialika kufungua kongamano lenu la mtandaoni. Kwa woga nilizima kamera, na kwa woga zaidi nikazima kipaza sauti. Nilikaa hivyo hadi muda wangu ukaisha. Mmetangaza kwamba hotuba yangu juu ya ukimya wa maktaba za kesho iliwatoa watu machozi, mkanipandisha kuwa mhariri msaidizi. Kwa hiyo sehemu ya barua hii najiandikia mwenyewe.

4. Hili ndilo linaloniumiza. Jana nilimpigia Baba magoti, nikamwambia sijui kitu na nataka kusoma. Akawageukia wachimbaji: “Mnamsikia? Wasomi wakubwa ndivyo wanavyosema!” Wakapiga makofi. Tranka langu limefungwa tayari, na Baba amelikalia.

Kwa hiyo naomba hati rasmi, yenye muhuri, inayothibitisha kwamba sijui kitu. Ikiwezekana, mabingwa walioipitia makala yangu waupitie na ujinga wangu, na waukubali kwa haraka ileile. Mkisita, nitalazimika kutumia wadhifa wangu wa mhariri msaidizi kuwakataa ninyi.

Nawasalimu wote hapo: wahariri, mabingwa, profesa, na hiyo mashine yenu, ambayo kusema kweli inaandika vizuri kuliko mimi. Mama naye anawasalimu. Anasema mkipita Geita msiache kufika nyumbani, viazi vipo.

Wako katika kutojua,

Limi Ngusa
(si Dkt.)

Tanbihi: Baba ameingia sasa hivi, ameisoma barua hii juu ya bega langu. Amesema daktari anayejua kulalamika kwa namba namna hii hawezi kuozea Rwamgasa, lazima aende chuoni, na ameshaita bodaboda anipeleke stendi. Anadhani naenda kufundisha. Tafadhali msijibu, msitume hati yoyote, na udaktari wangu uacheni hivyo hivyo mpaka nihitimu.