Daktari wa Kukondesha Aliyepewa Mbuzi Alee

Nzuki alishuka basi katika mji mdogo wa Zombe siku ya soko, kiangazi cha mwaka themanini na sita, akiwa na koti la kuazima, mkoba mtupu na njaa. Kabla hajapata hata chai, alisikia kilio kutoka dukani kwa fundi cherehani. Mtu mwingine angeuliza nani amefiwa. Nzuki alinyoosha tai.

Ndani, akina mama wa kwaya walikuwa wakijaribu sare mpya za mashindano ya Kitui. Fundi, ili kitambaa kitoshe, alikuwa amempima Nzilani, msichana mwembamba wa kwaya, na kuwakatia wote kipimo hicho. Ndinda, mwenye hoteli na mwimbaji kiongozi wa kwaya, alikuwa ameingiza mkono mmoja. Wa pili ulikuwa unasubiri muujiza.

"Kama sare haikuingii, mbele husimami," alisema Musyoka, mwalimu wa kwaya. "Nzilani ataongoza."

Ndinda aliumia sana. Tangu usichana wake aliongoza yeye, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba Mungu husikiliza kwa futi kamba.

"Mama zangu, msilie," Nzuki aliingia. "Mimi ni daktari wa kukondesha. Nairobi, wake za wakubwa wananijua kwa jina."

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomfanya aondoke Nairobi.

"Shida si chakula," aliendelea. "Shida ni macho. Asubuhi ukimwona mbuzi wako, tumbo linajua hiyo ni nyama, linaanza kujitayarisha. Hata ukinywa maji, linayageuza supu."

"Asi! Hata maji?" mama mmoja alishtuka.

"Hasa maji! Leteni mabeberu wenu niwalee mbali na macho, mpaka mkonde."

Kufikia jioni, boma nyuma ya chumba alichokodi lilikuwa limejaa mabeberu wanono. Kila mama naye alipewa chupa ya mwarobaini uliochemshwa.

Ndinda alijitesa kwa moyo wote. Alikunywa ule uchungu, akala majani ya kunde bila chumvi, na hotelini akawapakulia wateja muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, huku amefumba macho, hata mzee mmoja akamwagiwa mchuzi mapajani. Siku ya mazoezi alifungua kinywa apande juu, ikatoka sauti ya mlango usiotiwa mafuta. Musyoka alitazama nyuma kuona nani ameingia.

Ndinda alirudi jikoni kwake akalia. Kisha alivuta sufuria ya muthokoi akala, bila haraka na bila toba. Aliposhiba, alijaribu wimbo. Sauti ikapanda, vifuniko vikatetema. Akajitazama: mikono iliyolea watoto, kifua kipana unakotoka wimbo.

"Mwili wangu, nisamehe," alisema. "Nimekutesa kwa sababu ya kitambaa."

Furaha ilimjaa. Alichukua mkasi, akapasua sare ubavuni, huku na huku, akaunga vipande vya leso ya manjano. Halafu akaenda kudai mbuzi wake.

Nzuki alikuwa tayari kwenye soko la mifugo, akibembelezana bei na Aftin, mfanyabiashara kutoka Garissa. Aftin alimpapasa beberu mgongoni, akaridhika, kisha akaangalia sikio.

Sasa, Nzuki ni Mkamba, lakini aliyelelewa Nairobi, ambako alizoea kukutana na mbuzi akiwa tayari amekaangwa. Hakujua kwamba huku sikio hukatwa alama ya mwenyewe, na kila mchuuzi anazijua.

"Huyu ni wa Ndinda," alisema Aftin. "Huyu ni wa mama yake Nzilani. Huyu ni wa bibi ya chifu. Na wewe ni wa nani?"

Wanaume wenye fimbo walianza kusogea. Mwizi wa mbuzi huko haombwi maelezo marefu.

"Siuzi!" Nzuki alilia. "Nauliza bei tu! Nimepewa nilee!"

"Amepewa alee!" Aftin alitangazia soko zima. "Mmesikia?"

"Ni kweli," ilisema sauti tamu. Ndinda alikuwa amefika. "Tulimpa alee."

Fimbo zikashuka. Desturi ilijulikana na wote: aliyepewa mbuzi kulea huwalisha, huwanywesha, na akipotea mmoja hulipa. Ujira wake ni maziwa. Bahati mbaya, mabeberu hawana.

"Mpaka lini?" aliuliza Nzuki.

"Mpaka mvua inyeshe," alisema Ndinda. Watu wote wakatazama mbingu, ambayo haikuwa na hata wingu la kusingiziwa.

Kitui, Ndinda alisimama mbele na mbavu zake za manjano. Musyoka alitaka kusema neno juu ya sare, akasikia ile sauti ikipanda, akaendelea kupunga mikono kuongoza wimbo.

Ndinda aliporudi Zombe, alimkuta Nzuki kwenye mto mkavu, akifukua mchanga kutafuta maji huku ameshika suruali kwa mkono mmoja.

"Mama, nimekonda," alisema, machozi yakimtoka. "Nimekwisha kabisa."

Ndinda alimhurumia kweli. Alifungua bakuli la muthokoi alilobeba.

"Kula, daktari. Kula ushibe. Huo mwili haujakukosea."

Nzuki alikula mpaka akalamba vidole. Ndinda alipokea bakuli, akalifuta kwa leso.

"Sasa endelea kuchimba," alisema. "Mbuzi wangu bado hawajanywa."