Kadimiamu Kwenye Kiti cha Kalsiamu

Jumatatu, 3 Machi
Mama Profesa katupa kazi, mimi na mwenzangu wa maabara, Bi Taratibu. Kila mmoja na mrija wake wa protini ileile, ile inayoshika kalsiamu. Kasema kalsiamu ni bubu mbele ya mashine ya NMR, ile inayosikiliza atomu kwa sumaku, kwa hiyo tuing'oe, mahali pake tuweke metali inayosikika au inayong'aa. Mimi kadimiamu, yeye kapewa ipi, sikusikiliza. Protini ina viti viwili vya kukalia kalsiamu, basi nitaona vilele viwili kwenye mchoro wa mashine. Matokeo Ijumaa, atakayeshindwa, zamu yake ya mashine inakwenda kwa mwenzake. Kung'oa kalsiamu kunachosha. Nimeiruka hatua hiyo. Kadimiamu itajisukumia njia!

Jumanne, 4 Machi
Kilele kimoja! Cha pili kiko wapi? Fundi wa mashine kasema hata hicho si cha protini, ni kadimiamu inayozurura nje kwa sababu viti bado vina watu. Watu gani? Nimetikisa kichwa kama aliyeelewa.

Jumatano, 5 Machi
Bi Taratibu anaimba kazini. Anayeimba kafanikiwa! Alipokwenda kunywa chai nikafungua friji, nikabadilisha karatasi za majina kwenye mirija yetu. Nyumbani dada kauliza mbona nacheka na sahani. Nikamwambia ni sayansi. Kasema basi sayansi ioshe vyombo.

Alhamisi, 6 Machi
Nimepima mrija wake, sasa una jina langu. Mstari mnyoofu. Kilele hata cha dawa hakuna! Nimerudia. Vilevile. Fundi kapiga miayo. Yaani yeye kashindwa kuliko mimi, halafu anaimba? Kichwa kinaniuma.

Ijumaa, 7 Machi
Nikasimama kifua mbele, nikatangaza kwamba protini imegoma kupokea kadimiamu. Ugunduzi! Bi Taratibu akainua mkono. Akasema, kwa upole wake ule, kwamba mstari ule ni wa mrija wake, wenye terbiamu, metali aliyopewa yeye, inayopimwa kwa mwanga. Kadimiamu haimo hata tone; mashine ingesikia nini? Jana alikuta mrija wenye jina lake umejaa kalsiamu, na kadimiamu ikizurura nje, hajui umefikaje. Akaing'oa kalsiamu, akaweka kadimiamu. Vilele viwili, vimesimama kama mapacha! Mama Profesa akanitazama juu ya miwani mpaka nikakaa mwenyewe. Zamu imekwenda.

Jumamosi, 8 Machi
Dada anasema niombe radhi. Kwa lipi? Protini iliyotoa vilele ilikuwa yangu! Nimemwandikia profesa wa maabara ya jirani kwamba mimi ni bingwa wa kadimiamu. Kajibu papo hapo: ana protini yenye viti vinne, nianze Jumatatu. Vinne! Sijui hata pa kushika. Nimekubali.