Pembe Moja kwa Watu Arobaini na Mmoja

Jumatatu, 3 Februari. Asunción.
Nashukuru! Serikali imetukumbuka. Idara yetu ya Mifereji inaunganishwa na Idara ya Maji ya Mvua, majirani zetu, ili kubana matumizi. Idara moja, naibu mkurugenzi mmoja. Tatizo dogo: manaibu tuko wawili. Mimi, Eleuterio Benegas, miaka kumi na tisa kazini. Na Bibi Ramona Ovelar wa Maji ya Mvua, Ña Ramona kwa wote. Ijumaa anakuja Bwana Insfrán, mkaguzi wa wizara. Atakayebana matumizi zaidi anabaki, mwenzake nyumbani. Mke wangu Digna akaniuliza kwa nini nisijaribu kufanya kazi. Moyo wake mwema, ila mambo ya serikali hayajui.

Jumanne, 4 Februari
Ukuta kati yetu umebomolewa ili tuokoe umeme wa taa. Fundi wa kubomoa kalipwa. Fundi wa kuziba nyufa kalipwa. Kibao kipya, mihuri mipya, karatasi mpya za barua. Za zamani, maboksi sitini, jalalani! Ña Ramona kasema mbele ya watu kwamba tumeuza ng'ombe tukanunua kengele yake. Wivu tu.

Jumatano, 5 Februari
Wazo! Nimelipata kitandani, nalishukuru godoro. Kila idara hunywa tereré yake, majani ya maji baridi yanayofyonzwa kwa mrija: pembe yake ya kunywea, barafu yake, majani yake ya kutwanga. Anasa! Nimetoa agizo: pembe moja, mrija mmoja, duara moja. Watu arobaini na mmoja. Kukazuka ugomvi, sisi twataka mnanaa, wao ndimu. Ña Ramona akacheka. "We Eleuterio, hiyo pembe itanifikia nikishazikwa!" Nikamjibu mvumilivu hula mbivu.

Alhamisi, 6 Februari
Tumeanza saa moja asubuhi. Namimina mwenyewe, mmoja anakunywa, ananirudishia, namimina tena. Adabu ni adabu: hurukwi, wala huondoki kabla ya zamu yako. Zamu yangu ya pili saa tano u nusu! Simu zimelia, nani ainuke? Kaja mama mmoja, mfereji wa mtaani kwake umeziba, mvua ikinyesha maji yanaingia chumbani. Tukamkaribisha kwenye duara. Ña Ramona akachukua gari na makoleo, akaondoka naye kwenda kuzibua. Kaacha duara! Haya hana.

Ijumaa, 7 Februari
Bwana Insfrán kafika saa mbili. Tukampa nafasi ya mwisho kwenye duara. Kwa muda wa saa tatu nzima akiingojea pembe, akajaza fomu zake magotini. Karatasi zilizotumika: hakuna. Mafuta: hakuna. Posho za safari: hakuna. Akasema tangu azaliwe hajaona idara inayobana hivi! Ndipo Ña Ramona akaingia, matope hadi magotini, katoka kuzibua mfereji mwingine. Mafuta lita nane! Kwisha habari yake. Akanipa mkono. "Haya bosi, ofisi yako hiyo. Kila la heri." Macho yake yalikuwa mekundu. Nilijisikia vibaya, kwa kweli, karibu dakika nzima. Nikamshukuru kwa utumishi wake, akaondoka na boksi lake.

Jumatano, 12 Februari
Mvua tangu Jumapili. Maji yameingia ofisini, mihuri mipya inaelea. Arobaini tuliobaki hakuna anayejua mfereji upi unakwenda wapi. Ramani yote ilikuwa kichwani mwa Ña Ramona! Nikampigia simu. Akasema atakuja kama mshauri, kwa mara mbili ya mshahara wa zamani, alipwe kwanza. Nikakubali, ningefanyaje? Kufika saa sita sakafu ilikuwa kavu. Nashukuru, nashukuru! Na fedha za kufidia malipo yake nimeshajua zitatoka wapi. Nimemwandikia waziri atuunganishe na Idara ya Barabara. Nasikia naibu wao hakai ofisini, kutwa yuko nje anafukia mashimo. Huyo ndiye wa kupunguza.